Lori la Zamani Lisilo na Nguvu: Pima Kabla ya Kufungua Injini

Katika Kata ya Milanzi, kama ilivyo kwingineko katika Manispaa ya Sumbawanga, malori ya zamani bado yana kazi. Bedford na Leyland kutoka Uingereza, pamoja na Isuzu za miaka ya nyuma, hununuliwa zikiwa zimelala uani kwa muda mrefu, hupigwa rangi, hufungwa breki na mipira mipya, kisha hurudishwa barabarani kubeba mahindi, ngano na alizeti. Baada ya ukarabati huo lalamiko moja hujirudia: injini inawaka bila taabu na mngurumo wake ni mzuri, lakini mlimani gari halivuti. Jibu ambalo mmiliki hupewa upesi ni kwamba injini imechoka na inapaswa kufunguliwa yote. Huenda ni kweli. Hata hivyo, ovahoo ni miongoni mwa kazi za gharama kubwa kabisa gereji, na haifai kuamuliwa kwa kusikiliza mngurumo peke yake.

Kwanza mmiliki azingatie mahali alipo. Mji wa Sumbawanga uko kwenye uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo huvuta takriban moja ya tano pungufu ya hewa ambayo ingeivuta Dar es Salaam, na nguvu yake hupungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kwa hiyo lori lililonunuliwa pwani likionekana dhaifu Milanzi, si lazima liwe limeharibika njiani. Lori hilo hilo likiteremka Lyamba lya Mfipa hadi Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye mita zipatazo 800, litaonekana limepata nafuu, na litachoka tena litakapopanda.

Upungufu huo hauna dawa ya spana. Fundi anayependekeza kuongeza mafuta kwenye pampu ya nozeli ili “kurudisha nguvu” aulizwe hewa ya kuyachoma mafuta hayo itatoka wapi. Mara nyingi matokeo ni moshi mweusi, dizeli inayokwisha upesi na joto kali linaloweza kuunguza pistoni. Kwa maoni yetu, hili ndilo pendekezo la kukataa mapema kuliko yote.

Pili, ihakikishwe kwamba tatizo liko kwenye injini. Breki zilizofungwa mkanda mpya na kukazwa kupita kiasi huzuia gari siku nzima. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Inayotoa joto kali kuliko nyingine ina breki inayoshika. Klachi nayo hujieleza yenyewe: injini inapandisha mzunguko lakini mwendo wa gari hauongezeki. Kisha, injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho na mwingine atazame mkono wa pampu au wa kabureta kama unafika kikomo chake. Katika magari yaliyokarabatiwa, waya mrefu kupita kiasi au zulia jipya chini ya kanyagio huweza kulinyima lori sehemu kubwa ya nguvu yake, na marekebisho yake ni ya dakika chache.

Baada ya hapo yafuate mafuta. Gari lililokaa miaka mingi huwa na kutu ndani ya tangi, na kutu hiyo huziba chujio tena hata likibadilishwa. Dalili yake ni gari kuvuta vizuri kilomita chache, kufifia, kisha kupona likipumzishwa. Jaribio rahisi kabisa ni kulegeza kifuniko cha tangi. Nguvu ikirejea, tundu la kupitisha hewa kwenye kifuniko limeziba, na hakuna sababu ya kugusa kitu kingine. Mipira ya zamani ya mafuta huvuta upepo bila kudondosha hata tone; kipande cha mpira angavu kikifungwa kwa muda kabla ya pampu, mapovu yataonekana.

Chujio la hewa lisisahauliwe, hasa msimu wa vumbi. Malori mengi ya zamani hutumia chujio lenye bakuli la oili, nalo linataka oili safi hadi alama iliyowekwa, si zaidi. Moshi mweusi mara nyingi humaanisha hewa pungufu au mafuta yaliyozidi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma injini ikiwa imepata moto waweza kumaanisha taimingi ya pampu iliyokosewa wakati wa kufunga, au maji yanayoingia kwenye silinda.

Yote hayo yakishakaguliwa ndipo mgandamizo wa silinda upimwe. Mlaji ana haki ya kuomba kipimo hiki kifanyike mbele yake na namba ya kila silinda iandikwe. Hapa kuna mtego: kipimo cha Sumbawanga husoma chini kuliko namba ya kitabu cha gari, kwa sababu ya hewa ile ile nyepesi. Namba ndogo katika silinda zote, zikiwa karibu sawa, si ushahidi tosha wa injini mbovu. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, hapo pana hoja, nayo yaweza kuwa valvu au gasketi badala ya injini nzima.

Ikiamuliwa kufungua, makadirio ya gharama yaandikwe kabla ya kazi kuanza, spea zilizotolewa zirudishwe kwa mwenye gari, na risiti itunzwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hayo, pamoja na ya spea bandia, hupelekwa Tume ya Ushindani. Ubora wa dizeli ukitiliwa shaka, apewe taarifa EWURA. Kipimo cha pampu ya kituo kikitiliwa shaka, ni Wakala wa Vipimo. Katika kila hali, risiti ionyeshe tarehe, kituo na idadi ya lita.