Binti Yetu Ashika Funguo: Kazi ya Askari wa Magereza Kitale na Bungoma



Miaka michache iliyopita, jioni moja baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja wa mtaa wetu alitujia na habari iliyomlemea. Binti yake alikuwa amefuzu mafunzo ya askari wa magereza katika chuo cha Ruiru, na amepangiwa kazi Kitale. Katika kikao kile hapakuwa na aliyempa hongera. Mmoja wetu alimwambia pole, kana kwamba amefiwa. Bibi mkubwa kuliko sote akauliza kwa upole, "Mwanamwali aliyelelewa chuoni, aende akashike funguo za jela?" Mama yule hakujibu. Alikunja buibui lake akaenda zake nyumbani, nasi tukabaki na aibu ya kumwongezea mzigo mtu aliyekuja kuutua.

Binti huyo amekwisha kuhudumu Kitale, kisha akahamishiwa Bungoma. Katika likizo yake iliyopita alikaa nasi jioni mbili akatueleza kazi yake. Alitushurutisha mambo mawili: tusimtaje jina, wala tusimwulize habari za mfungwa yeyote kwa jina lake. Tulikubali. Tunayoyaandika hapa ni kwa ajili ya kila nyumba yenye binti anayefikiria kazi hii, na kila nyumba yenye ndugu aliye ndani ya kuta zile.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Hapa Kenya hakuna jela ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010 imeuweka urekebishaji wa wafungwa katika majukumu ya serikali ya kitaifa, na magereza yote, yanayopita 100, yamo chini ya Huduma ya Magereza. Ndiyo maana msichana wa Mombasa, aliye hatua chache kutoka Shimo la Tewa, anaweza kupelekwa Kitale, safari ya zaidi ya kilomita 800, katika mji wa baridi ulio kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Akiitwa kwenda, huenda.

Je, kazi yenyewe ni ipi? Wengi wetu tuliidhani ni ya rungu na kufoka. Yeye alitwambia kwamba sehemu kubwa ni kuhesabu. Askari wanaoingia zamu alfajiri huwahesabu wafungwa pamoja na wale wanaotoka, na hesabu isipolingana na kitabu, hakuna anayeondoka. Milango hufunguliwa, uji hugawiwa, wagonjwa huandikwa. Mahabusu, yaani wale ambao kesi zao hazijaamuliwa, hupelekwa mahakamani wakiwa na hati zao, na jioni huhesabiwa tena wanaporudi. Wafungwa waliokwisha kuhukumiwa huenda kazini, na katika nchi ile ya mahindi, kazi hiyo mara nyingi ni ya shambani. Kabla ya jua kutua wote wamefungiwa, na hesabu nyingine hufanywa. "Nikikosea mtu mmoja," alisema, "sijakosea tarakimu, nimempoteza mtoto wa mtu."

Baada ya hesabu kuna karatasi. Kila anayeingia ana hati inayosema ameletwa kwa amri ya nani na mpaka lini. Kwa makosa mengi, sheria ya magereza humpunguzia mfungwa mwenye bidii na mwenendo mwema theluthi moja ya kifungo chake, ikiwa kifungo hicho kimezidi mwezi mmoja. Askari anayezembea kuandika anaweza kumweka mtu ndani siku ambayo haki yake ilikuwa kuwa nyumbani. Maneno haya yalitugusa, kwa kuwa tumezoea kuhofia ukatili wa mlinzi wa jela, wala hatukuwahi kuuhofia uvivu wake.

Tulimwuliza kwa nini gereza lihitaji mabinti. Jibu lake ndilo lililogeuza fikira zetu. Sheria yetu inaamuru kwamba mwanamke mfungwa atengwe na wanaume, na kwamba asipekuliwe ila na mwanamke mwenziwe. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela zinasema vivyo hivyo: wanawake wasimamiwe na wanawake, na afisa mwanamume asiingie upande wao bila ya kufuatana na afisa mwanamke. "Siku dada yenu atakapokamatwa," alituuliza, "mwataka mkono wa nani umguse?" Bibi yetu mkubwa, yule yule wa swali la kwanza, aliinamisha kichwa. Sitara tuliyoihofia binti huyu ataipoteza, kumbe ndiyo anayowahifadhia wengine.

Kuhusu wanawake wale alisema machache. Wako waliotenda makosa mazito. Lakini wako pia waliokamatwa kwa kupika chang'aa ili walishe watoto, wakatozwa faini wasiyoiweza. Tangu mwaka 1998 iko sheria ya huduma kwa jamii, inayoiruhusu mahakama kumpa mkosaji wa kosa dogo kazi ya manufaa kwa umma badala ya kumfunga; hata hivyo wengine bado hufika gerezani, na nyuma yao hubaki nyumba isiyo na mpishi.

Tena wako watoto. Sheria inamruhusu mama kuingia na mtoto wake mchanga, naye mtoto hukaa humo hadi atimize miaka minne, au mpaka apatikane wa kumlea nje, lolote litakalotangulia. Binti yetu alitusimulia siku moja ya namna hiyo. Mtoto alikuwa amefikia umri wa kutoka, na nyanyake alikuwa amekuja kumchukua. Mama mfungwa alikuwa amemwosha, akamvisha nguo safi, akamwambia anakwenda kuona ng'ombe. Askari ndiye aliyepaswa kumshika mkono mtoto kutoka mlango wa ndani hadi lango kuu. Mtoto alikwenda kwa furaha. Penye lango alisimama, akangoja, kwa sababu maishani mwake mwote hakupata kupita mlango bila ya kuhesabiwa.

Usiku ule alimpigia mamake simu akisema anataka kuacha kazi. Mama alimsikiliza mpaka akanyamaza, kisha akamwuliza, "Ulimshika vipi mkono?" Akajibu, "Kwa upole." Mama akamwambia, "Basi lala, mwanangu. Kesho yuko mwingine." Mama yule alitukiri kwamba hata yeye hakulala, na kwamba alitoa jibu lile bila ya kujua kama ni sawa. Hata sisi hatujui. Tunajua tu kwamba asingekuwa binti yake, mtoto yule angeshikwa mkono na mtu mwingine, nasi hatuna hakika kwamba mkono ule ungekuwa laini.

Isidhaniwe kwamba nchi ile ni ngeni kwetu. Inasimuliwa mjini Kitale kwamba hapo palikuwa kituo cha misafara iliyokwenda na kurudi pwani, na kwamba watu walipitishwa hapo wakiwa katika minyororo. Ni historia inayotuhusu, wala haifai kuizunguka. Nako Bungoma ndiko alikotoka Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, ambaye wakoloni walimkamata mwaka 1948 na kumhamishia Lamu. Mtu wa huko alifungwa kwetu. Leo mtu wa kwetu anashika funguo huko.

Magereza tuliyorithi kwa mkoloni yalijengwa kwa nia ya kuadhibu. Mabadiliko yalishika kasi baada ya mwaka 2003, wakati Moody Awori, aliyekuwa akisimamia wizara husika na baadaye Makamu wa Rais, alipoifungua milango ya magereza ili umma uone yaliyomo. Mwezi Aprili 2008 askari wenyewe waligoma wakilalamikia marupurupu na makazi duni, na kamati iliyoongozwa na Marsden Madoka, mtu wa Taita, ikaundwa kuchunguza. Tulijifunza hapo kwamba askari naye huishi ndani ya uzio ule, na kwamba asiyetendewa utu ni vigumu kuutenda. Kisha ikaja katiba ya 2010, inayosema katika kifungu cha 51 kwamba aliyefungwa hubaki na haki zake isipokuwa zile zisizowezekana kifungoni, na mwaka 2014 ikapitishwa sheria mahususi kuhusu watu walionyimwa uhuru.

Kwetu Waislamu, mafundisho haya si mageni. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alifungwa kwa kusingiziwa, na aliwaita wafungwa wenziwe masahibu. Qur'ani inapowasifu wenye kulisha, humtaja mfungwa pamoja na maskini na yatima. Na baada ya vita vya Badri, mateka waliojua kusoma walipewa njia ya kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Ama suala la binti kusafiri na kukaa mbali na mahramu wake, hilo kila familia imwendee sheikh wake kabla ya fomu kujazwa, si baada ya barua ya uhamisho kufika.

Tunawasihi wazazi wenye mabinti katika kazi hii. Mpigieni simu mara kwa mara, na msimwulize mambo ya wafungwa. Mwulizeni amekula nini na amelala saa ngapi. Msimtume kumpelekea mtu chochote ndani, hata kiwe kipande cha sabuni. Kuingiza kilichokatazwa ni kosa la jinai, na mengi makubwa huanza kwa hisani ndogo ya jirani. Akirudi nyumbani akiwa mkavu wa maneno, msiseme amekuwa mgumu. Mpeni siku mbili.

Na sote tuna sehemu yetu. Kundi la akina mama likichangishana, linaweza kumlipia faini mama mmoja akarudi kwa wanawe. Mnaotaka kupeleka sodo, sabuni, nguo za watoto au futari ya Ramadhani, piteni katika ofisi ya mkuu wa gereza, mchana, kwa barua.

Siku ya mwisho ya likizo yake tulialikwa chakula nyumbani kwao. Watoto wa ukoo walikuwa wakicheza uani, wakiingia na kutoka. Tulimwona binti yetu ameketi karibu na mlango, midomo ikichezacheza. Mamake akamwuliza anasoma dua gani. Akacheka kwa haya. "Nawahesabu, mamangu," alisema. "Wako wote."

Mwenyezi Mungu awahifadhi walio ndani na wanaowalinda, awafariji watoto wao, na atujaalie mikono ya upole popote tulipokabidhiwa amana. Amin.