Ugonjwa wa Usingizi na Akili ya Mtu

Watu wengi wanafikiri ya kuwa mtu akilala, ubongo wake unazimika kama taa. Sivyo. Wakati wa usingizi ubongo unafanya kazi: unaweka sawa mambo tuliyojifunza mchana. Tena ndani ya ubongo mna kitu kama saa. Giza likiingia kinatuambia tulale, kukipambazuka kinatuamsha.

Sasa mwangalieni mtu mwenye ugonjwa wa usingizi. Mchana anasinzia hata mbele ya chakula. Usiku hana usingizi, anazungukazunguka. Je, analala kupita wengine? Hapana. Ukihesabu saa zake zote za kulala, mchana na usiku, zinakaribia kuwa sawa na za mtu mwenye afya. Ila zimetawanyika, maana saa ya ubongo imeharibika.

Ni nini kilichoiharibu? Ni kijidudu kidogo sana, hakionekani kwa macho. Kinaletwa na mbung'o, yule inzi wa tsetse anayekaa karibu na mito na kuuma mchana. Kwanza kinakaa katika damu: homa inakuja na kwenda, kichwa kinauma, tezi za nyuma ya shingo zinavimba. Baada ya miezi, au miaka, kinaingia katika ubongo. Ndipo mtu mpole anakuwa mkali, mwenye busara anasema ovyo, mwenye bidii anaacha jembe lake.

Msiseme, «Ni mvivu.» Msiseme, «Amelogwa.» Ni ugonjwa uliogeuza tabia yake. Asipotibiwa, karibu kila mara atakufa.

Lakini dawa iko. Zamani sindano zenyewe ziliua wagonjwa wengine. Tangu mwaka wa 2018 kuna idhini ya vidonge vya feksinidazoli. Wagonjwa wengi wanavimeza siku 10, pamoja na chakula, mbele ya mganga. Aliyezidiwa sana bado anahitaji kupimwa maji ya mgongo na kupewa dawa ya mshipa. Mwaka wa 1998 wagonjwa karibu 40.000 waliandikwa katika Afrika; tangu 2018 hawafiki 1.000 kwa mwaka.

Basi, ukiona ndugu yako amegeuka hivi, usimfungie nyumbani. Mlete hospitalini upesi. Na wapimaji wa damu wakifika kijijini, nenda upimwe, hata kama unajiona mzima. Kijidudu kinaweza kukaa kimya siku nyingi.