Mikutano Mikubwa ya Waganga: Nani Analipa, na Nani Anafaidika?



Kwetu Karatu si jambo geni kuona magari ya watalii yakielekea Ngorongoro asubuhi na kurudi jioni yamejaa vumbi. Mara nyingine ndani yake wamo watu ambao bado wamevaa vitambulisho shingoni, maana wametoka kwenye mkutano Arusha na wanataka kumwona faru kabla ya kupanda ndege. Baadhi yao ni madaktari na wauguzi, nao hupitia hospitalini kutusalimu na kutuachia boksi la glovu. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi la wagonjwa wa nje alituuliza: "Sista, hawa wote wameshasoma uganga, na bado wanakutana kusomeshana? Anayewalipia ni nani?" Tulicheka, lakini jibu kamili hatukuwa nalo. Tumelitafuta, na leo tunawaletea.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba chama cha kitaaluma cha kimataifa hakina serikali ya kukipa bajeti, wala hakina shamba. Lakini kina matumizi: ofisi, makarani, na wataalamu wa kuandika miongozo ya tiba ambayo baadaye hutufikia wodini. Tuchukue Baraza la Kimataifa la Wauguzi. Lilianzishwa mwaka 1899, makao yake yako Geneva, Uswisi, na linaunganisha vyama vya wauguzi vya nchi zaidi ya 130. Chama chetu cha Wauguzi Tanzania, TANNA, kimo. Kanuni za Maadili ya Wauguzi, ambazo Baraza hilo lilizipitisha mara ya kwanza mwaka 1953 na kuzirekebisha mwaka 2021, ndizo mama wa maadili tuliyofundishwa chuoni. Hata kaulimbiu ya Siku ya Wauguzi, tarehe 12 Mei, hutoka huko.

Fedha za kazi hiyo hutoka hasa katika ada za vyama wanachama, na nyingine katika mkutano mkuu. Zamani mkutano huo ulifanyika kila baada ya miaka minne. Siku hizi ni kila baada ya miwili. Afrika iliupata kwa mara ya kwanza mwaka 2009, mjini Durban. Mwaka 2023 ulikuwa Montreal, na mwaka 2025 Helsinki.

Mkutano unaletaje fedha? Ndugu msomaji, kumbuka mnada wa mavuno baada ya Misa. Mmoja ameleta kuku, mwingine debe la mahindi. Anayenunua hulipa zaidi ya bei ya sokoni kwa sababu anajua fedha inakwenda kwenye bati la kanisa. Mkutano wa waganga unafanana na huo kwa sehemu. Kila anayehudhuria hulipa ada ya kujiandikisha. Anayelipa mapema hupata nafuu, anayechelewa huongezewa, na vyama vingi huwapunguzia watu wa nchi maskini na wanafunzi. Nje ya ukumbi kuna maonyesho: makampuni ya dawa na vifaa hukodi nafasi kwa mita ya mraba, na kampuni kubwa hulipa zaidi ili jina lake liandikwe kwenye mabango na mikoba ya wajumbe. Kuna pia mihadhara ya mchana inayolipiwa na makampuni.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Watu 1,000 wakilipa dola 300 kila mmoja, hizo ni dola 300,000. Ukumbi, wakalimani, chakula na wakala wa mikutano vikila 260,000, zimebaki 40,000. Vibanda vikileta 60,000 nyingine, chama kinarudi nyumbani na dola 100,000. Lakini wakija watu 700 tu, ada ni 210,000, na gharama ya ukumbi haipungui. Hapo ziada karibu yote imeyeyuka. Ndiyo maana wakati wa korona, mwaka 2020, mikutano ilipofungwa, vyama vingi duniani vilitikisika. Baraza la Wauguzi lenyewe lilifanya mkutano wake wa mwaka 2021 kwa njia ya mtandao.

Sasa ziada inakwenda wapi? Hapa tungependa kutua kidogo. Baraza hilo lina mfuko wake uitwao kwa jina la Florence Nightingale, na chini yake upo mpango wa elimu ya mtoto wa kike. Mpango huo umewasomesha shule ya msingi na sekondari mabinti ambao mzazi wao muuguzi amefariki, katika nchi za Kenya, Uganda, Zambia na Eswatini. Kwenye mkutano mkuu huandaliwa chakula cha mchana. Wajumbe hununua tiketi, na fedha inakwenda kwenye mfuko. Yaani muuguzi wa Canada au Japani anakula kuku mjini Durban, na binti wa muuguzi marehemu kule Uganda analipiwa karo. Sisi tuliokuwa wodini miaka ya 1990 hatuhitaji kuelezwa maana yake. Ukimwi ulitunyang'anya wenzetu tuliokuwa tukipokezana nao zamu, na watoto wao tuliwaona wakigawanywa kwa mashangazi na bibi. Kwa hiyo hatuwezi kudharau chakula hicho cha mchana, hata kama tiketi yake ingelisha boma zima huku kwetu.

Pamoja na hayo, liko jambo ambalo hatuna budi kulisema. Fedha ya kibanda si sadaka. Anayelipa anataka daktari akumbuke jina la dawa yake atakapoandika cheti. Ubaya wake unaonekana zaidi kwenye maziwa ya kopo. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia biashara ya maziwa hayo isimnyang'anye mtoto ziwa la mama, na nchi yetu ikaweka kanuni zake mwaka 1994. Hata hivyo makampuni hayo yaliendelea kugharamia mikutano ya madaktari wa watoto. Mwaka 2016 Mkutano wa Afya ulipokea mwongozo unaosema vyama vya kitaaluma visikubali fedha hizo, na mwaka 2019 chuo cha madaktari wa watoto cha Uingereza kiliacha kuzipokea. Sisi tunaopokea kichanga anayeharisha kwa sababu kopo moja limezimuliwa kwa maji ili lifike mwisho wa mwezi, tunaona walichelewa.

Tena, si kila anayestahili kufika hufika. Mwenzetu mmoja aliandika habari za watoto wanaoungua kwa kuanguka motoni ndani ya nyumba, na jinsi anavyowafunga vidonda kwa vifaa tulivyo navyo. Chama kimoja cha ng'ambo kilimkubalia, kikamsamehe ada, na kikaahidi kumrudishia nauli baada ya mkutano, akionyesha risiti. Wasomaji mnaelewa: nauli ya ndege ni mishahara ya miezi kadhaa, na huwezi kurudishiwa fedha ambayo hukuwa nayo. Hakwenda. Bango lake lilitundikwa na mgeni wa nchi nyingine. Aliyeandika utaratibu ule huenda hakuwa na nia mbaya. Hakuwahi kukopa nauli tu.

Utaratibu unaotupendeza zaidi uko jirani. Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, kina makao yake Arusha. Kila mwaka kinaunganisha mitihani, mahafali na mkutano wa kisayansi katika safari moja, na nchi wanachama hupokezana kuwa wenyeji. Mtahini huyo huyo ndiye mtoa mada, na nauli moja inafanya kazi tatu.

Tahadhari moja kwa wauguzi vijana. Zipo barua pepe zinazowaita watu kwa heshima nyingi kwenye "kongamano la dunia" ambalo halipo, zikitaka ada itumwe haraka. Kabla ya kutuma hata shilingi, ulizeni kwanza TANNA, au mganga mkuu.

Nasi hapa tumeanza desturi. Mgeni mwenye kitambulisho shingoni akipitia kwetu, tunamkaribisha chai, lakini kwanza tunamwomba saa moja ya kutufundisha baada ya sala ya asubuhi. Wengi hukubali kwa furaha, na ada hawatudai. Yule mwenzetu naye alichapisha nakala ya bango lake Arusha, tukalitundika mlangoni pa chumba cha kufungia vidonda. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, hivyo ameandika Kiswahili chini yake kwa kalamu ya wino mzito, na kina mama husoma wakisubiri zamu.