Funga Hiyo Flashi Kabla Ushuke Tao

Wasee wa Upper Hill, tubonge kuhusu flashi. Hii kilima imebeba siri za watu noma sana: mafaili za wagonjwa kule Kenyatta, akaunti za mabanki, madeni na mishahara za kampuni kibao.

Saa saba, pitia vibandaski vya Community. Utapata intani anapiga ugali matumbo, beji ya jobo shingoni, na kwa kamba ya hiyo beji flashi inaning'inia. Ndani kuna payroli ya ofisi mzima. Jioni hiyo kamba inapanda mathree. Ikianguka chini ya siti, yeyote mwenye lapi anadunga, anasoma mpaka namba ya kitambulisho ya mdosi. Si lazima awe haka.

Ilitokea London, 2017. Msee aliokota flashi ya uwanja wa ndege wa Heathrow, akaifungua kwa kompyuta ya maktaba. Faili zaidi ya 1,000, paswadi hakuna. Mwaka uliofuata Heathrow ikalimwa faini ya pauni 120,000.

Na sisi tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Kamishna mwenyewe ofisi yake iko hapa hapa, Britam Tower. Data ikivuja na kuna risk ya kweli watu waumie, kampuni iko na masaa 72 kumwambia. Faini inaweza gonga mita tano. Lakini Kifungu cha 43 kiko na kitu naipenda sana: kama data ilikuwa imefungwa na enkripsheni, kampuni inaweza epuka ile kazi ya kuambia kila mwenye data. Yaani sheria inatambua msee aliyefunga mapema.

Kufunga ni bure, manze. Kwa Windows Pro, bonyeza flashi na batani ya kulia ya mausi, washa BitLocker. Kama yako ni Home, shusha VeraCrypt. Paswadi iwe ndefu, na ile kii ya dharura ya BitLocker usiiweke kwa flashi hiyo hiyo. Na kudilit faili pekee haitoshi. Kuna programu za bure za kuzirudisha.

Ukienda kuprinti saiba, beba flashi ingine tupu, weka ile PDF moja tu. Ukishafungua flashi ya jobo kwa mashini ya saiba, virusi inaweza kopi kila kitu, paswadi ama bila.