Je, wajua deni la LUKU halikai kwenye mita?

Nyumba imekaa miezi minane bila mtu. Dalali kaipiga picha mara tatu, mwenye nyumba kaipaka rangi upya, mwishowe kapatikana mpangaji: kalipa kodi ya miezi sita mbele, na ya dalali juu yake. Jioni ya kwanza ananunua LUKU ya shilingi 20,000. Kwa bei ya kundi la T1, shilingi 292 kwa uniti kabla ya VAT na tozo zake, alitarajia uniti 56 hivi. Ujumbe unaingia: uniti 22.

"Baba, mita yako hii mbovu."

Mwenye nyumba naye anashangaa. Nyumba haikuwa na mtu, umeme kautumia nani?

Kila mmoja anaitazama mita kwa jicho baya, na mita ya watu haina kosa. Kile kisanduku kinajua mambo machache mno. Kinajua uniti zilizobaki, kinakumbuka tokeni zilizokwisha kuingizwa ili mtu asiingize ileile mara mbili, na kina ufunguo wake wa siri usiofanana na wa mita ya jirani. Basi. Shilingi hakizijui, mpangaji hakimjui, wala hakina habari kwamba Machi ilipita hujanunua umeme.

Ujuzi wote uko kwenye zile tarakimu 20 za tokeni. Mtindo huu wa tokeni ulitengenezwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la umeme la Eskom lilipokuwa likiingiza umeme kwenye maelfu ya nyumba ambazo kuzipelekea bili kila mwezi ilikuwa kazi bure. Leo unatumika nchi nyingi, na LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ni mmoja wa watoto wake. Ukilipa, kompyuta ya shirika inachukua idadi ya uniti, inaongeza muhuri wa dakika uliyonunua, inavifunga vyote kwa ufunguo wa mita yako na kukupa namba. Mita inafungua fumbo, inasoma uniti, inaongeza. Ndiyo maana tokeni uliyonunua kwa namba ya mita iliyokosewa haiingii kwako hata ukiibonyeza usiku kucha.

Huo muhuri wa dakika nao una kisa chake. Dakika zilianza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo mita zote za namna hii duniani zilipaswa kuboreshwa, na Tanzania tulifanya hivyo kwa kuletewa mafungu matatu ya tarakimu: mawili ya kubadili ufunguo, la tatu ndilo umeme. Nyumba iliyokuwa tupu wakati huo haikuwa na wa kubonyeza. Mpangaji akija baadaye, akapokea mafungu yote matatu, akaingiza lile la mwisho peke yake, mita inamkatalia, naye anaapa kwamba imekufa.

Turudi kwenye uniti 22. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU: nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Mwezi usiponunua umeme, kodi haisamehewi. Inakungoja kwenye kompyuta ya mauzo, imeandikwa kwenye namba ya mita. Miezi minane mara 1,500 ni 12,000. Zinakatwa kwanza, kisha 8,000 zinazobaki ndizo zinazogeuka umeme. Mita imeletewa uniti 22 na imeonyesha uniti 22. Deni halijawahi kuikanyaga.

Uingereza ni kinyume. Kule mita za malipo ya kabla hukata ada ya kila siku zenyewe, hata taa isiwashwe, na salio likifika sifuri deni linaendelea kujijenga ndani ya mita. Mpangaji mpya asipopiga simu kwa kampuni ya umeme kujitambulisha kabla ya kuweka pesa, pauni zake za kwanza zinalipia siku ambazo hata funguo hakuwa nazo. Kenya nako, hadi ada ya kudumu ya shilingi 150 kwa mwezi ilipoondolewa mwaka 2018, anayehamia nyumba iliyokaa tupu aliweza kuona tokeni yake ya kwanza imemegwa kama ya mpangaji wetu.

Sasa, kuna siku lawama inakuwa ya kweli: umeacha uniti 40, umefunga mlango, umerudi umekuta 11. Hapo kodi ya majengo haihusiki, kwa sababu haiwezi kuingia kwenye mita na kupunguza uniti. Kuna umeme uliopita. Zima swichi kuu, uitazame ile taa ndogo nyekundu ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna waya umechukuliwa kati ya mita na swichi. Ikitulia, washa swichi lakini chomoa kila kitu: ikianza kupepesa tena, umeme unapotea ndani, labda pampu ya kisima, taa ya uani, au waya uliochunika na kugusa ukuta wenye unyevu. Kuna na kisa kinachowachanganya hata mafundi. Mita nyingi za siku hizi hupima waya wa moto na wa nyutro pia, zikahesabu ule wenye umeme mwingi, ili kuwabana wezi. Fundi akiwa ameunganisha nyutro ya nyumba mbili, mita ya nyumba tupu inaweza kuhesabu pasi ya jirani.

Kwa mpangaji wetu mambo ni mepesi zaidi. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo, na ujumbe wa manunuzi unaonyesha kiasi kilichokatwa. Anamtumia mwenye nyumba, mzee anausoma, anakiri. "Sawa mwanangu, utazikata kwenye kodi." Kodi ijayo ni baada ya miezi sita, na kila mwezi kati ya hiyo LUKU itamkata 1,500 nyingine.