Sindano ya Kuzuia Homoni katika Tiba ya Saratani ya Tezi Dume: Siku za Mwanzo na Hesabu ya Tarehe

Makala haya yanafafanua matumizi salama ya goserelini na leuprorelini, dawa mbili za sindano wanazopewa wanaume wenye saratani ya tezi dume, hasa iliyosambaa mwilini. Kwa Kiswahili ni rahisi kuziita "sindano za kuzuia homoni". Jina hilo si kosa, ila halitoshi. Halimwelezi mgonjwa wala wanaomuuguza kwamba katika siku za mwanzo dawa hupandisha homoni ileile inayokusudiwa kuzuiwa. Halielezi pia kwamba nguvu ya dawa hukoma kwa tarehe inayohesabika. Ni katika mambo hayo mawili ambapo maelezo pungufu huweza kuleta madhara makubwa.

Msingi wa tiba hii uliwekwa mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges walipoonesha nchini Marekani kwamba saratani ya tezi dume iliyosambaa hurudi nyuma korodani zinapoondolewa, kwa kuwa seli zake hutegemea testosteroni. Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Njia ya sindano ilifunguka mwaka 1971, makundi ya Andrew Schally na Roger Guillemin yalipobainisha muundo wa LHRH, homoni ya ubongo yenye asidi amino kumi tu. Goserelini na leuprorelini ni nakala za homoni hiyo zilizobadilishwa kidogo ili zifanye kazi kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo penye fumbo: nakala ya homoni inayoamsha huwezaje kuzuia?

Kwa kawaida ubongo hutoa LHRH kwa vipindi. Tezi ya pituitari huipokea ishara hiyo, kisha huziagiza korodani zitengeneze testosteroni. Mfano wa karibu ni wa mgeni anayebisha hodi. Akibisha, akanyamaza, kisha akabisha tena, mwenyeji humwitikia kila mara. Akibisha mfululizo usiku na mchana, mwenyeji atatoka mbio mwanzoni, kisha atachoka na hatatoka tena. Sindano hubisha mfululizo. Katika wiki ya kwanza hivi, pituitari huitika kwa nguvu na testosteroni hupanda. Baadaye huacha kuitika, na kufikia wiki ya tatu au ya nne testosteroni huwa imeshuka hadi kiwango cha mtu aliyeondolewa korodani.

Kupanda huko, ambako mwandishi anapendekeza kuite "mfumuko wa awali", hakuna uzito sawa kwa kila mgonjwa. Kwa mwenye saratani ndogo huenda kukapita bila kuonekana. Kwa mwenye saratani iliyoingia katika pingili za mgongo, uvimbe unaweza kuchochewa ukabana uti wa mgongo, na miguu ikapooza. Kwa yule ambaye njia yake ya mkojo tayari imebanwa, mkojo unaweza kuziba kabisa. Ndiyo sababu daktari huandika vidonge kama bikalutamidi vianze kabla ya sindano ya kwanza au pamoja nayo, na viendelee kwa wiki kadhaa. Vidonge hivyo havizuii testosteroni kutengenezwa. Huizuia isizichochee seli za saratani. Mgonjwa asipoelezwa tofauti hiyo, ni jambo la kawaida kabisa afikiri kwamba, maadamu amekwisha kuchomwa sindano, vidonge havina kazi tena, akaviacha katika siku zilezile anazovihitaji zaidi. Maumivu mapya ya mgongo, ganzi au udhaifu wa miguu, na kushindwa kukojoa ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo, si za kusubiri miadi. Ipo pia dawa ya degareliksi, ambayo huifunga pituitari moja kwa moja na haina mfumuko wa awali.

Jambo la pili ni tarehe. Goserelini ya miligramu 3.6 huchomwa kila baada ya siku 28, na ile ya miligramu 10.8 kila baada ya wiki 12. Wiki 12 ni siku 84, ilhali miezi mitatu ya kalenda ni siku 89 hadi 92. Kwa hiyo anayehesabu kwa miezi huchelewa takriban wiki nzima kila mara. Kuchelewa siku chache hakuharibu tiba, lakini mapengo marefu huruhusu testosteroni irudi. Dozi ya miezi mitatu haigawanywi vipande ili itumike kila mwezi, maana imetengenezwa iachie dawa kwa mwendo wake maalumu.

Hapa lugha inaongeza tatizo lake. Katika Kiswahili cha Tanzania, "sindano ya miezi mitatu" ni jina la sindano ya uzazi wa mpango wa wanawake. Mzee anayeambiwa mbele ya wanawe kwamba amepangiwa sindano ya miezi mitatu anaweza kuona haya kuuliza zaidi. Ni afadhali kutaja jina la dawa, kiasi chake kwa miligramu, na tarehe kamili ya sindano inayofuata, vyote viandikwe kwenye kadi ya mgonjwa.

Kuhusu uhifadhi, goserelini huwekwa katika joto lisilozidi nyuzi 25, na mfuko wake haufunguliwi hadi wakati wa kuchoma. Mchana wa Februari jijini Dar es Salaam hupita nyuzi 30, hivyo dawa iliyonunuliwa haifai kusahauliwa ndani ya gari. Baadhi ya aina za leuprorelini huhitaji jokofu. Sindano ya goserelini ni nene, huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, chini ya kitovu, na ipo mishipa mikubwa ya damu karibu. Mgonjwa aliyekonda sana au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa kusema mapema.

Matumizi ya miaka huleta mafukuto ya joto, kupungua kwa hamu na nguvu za kiume, udhaifu wa mifupa, na hatari zaidi ya kisukari na maradhi ya moyo. Kupima sukari, shinikizo la damu na mifupa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza leuprorelini katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, lakini gharama bado ni mzigo kwa kaya nyingi. Upasuaji wa kuondoa korodani hushusha testosteroni kwa muda wa saa, hauna mfumuko wa awali wala tarehe ya kurudia, ingawa hauwezi kubatilishwa. Wanaume wengi hulikataa wazo hilo mara wanapolisikia, na wana haki hiyo. Hata hivyo, anayeishi mbali na hospitali ya rufaa anastahili kuelezwa njia zote mbili, pamoja na nauli na gharama ya mwaka mzima, kabla ya kuchomwa sindano ya kwanza.