Mvinyo Mwekundu Mkuukuu: Ladha Haina Hakimu, Afya Ina Ushahidi

Katika harusi, mahafali na sherehe zinazofuata mauzo ya pamba, kuanzia Bariadi mjini hadi Maswa na Lamadi, chupa ya mvinyo mwekundu si mgeni tena mezani. Ikifika, huja na ubishi wake. Mmoja hutaka mtamu, mwingine hutaka mkavu. Mmoja husema mvinyo ni ule uliokaa miaka mingi, mwingine huona kuwa uliokaa sana umepoteza utamu wake. Ubishi huo ni wa kufurahisha na haumdhuru mtu. Lakini mara nyingi hujipenyeza ndani yake dai la aina nyingine: kwamba mvinyo mwekundu, hasa mkuukuu, ni dawa ya moyo na huongeza damu. Hapo mazungumzo yanakuwa yametoka kwenye ladha na kuingia kwenye tiba, na mgonjwa wa shinikizo la damu anayeyasikiliza anaweza kufanya uamuzi utakaomgharimu. Makala hii inakusudia kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Yanayotokea ndani ya chupa

Rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda ya zabibu, ambayo huachwa ndani ya maji yake wakati yanapochachuka. Maganda hayo, pamoja na mbegu, hutoa pia tanini, yaani kemikali zinazoleta ukakasi mdomoni kama ule wa chai nzito au ndizi mbichi. Miaka inavyopita, tanini na chembe za rangi huungana polepole, na sehemu yake huzama chini ya chupa kuwa mashapo. Rangi ya zambarau huelekea kuwa ya tofali. Ukakasi hulegea. Harufu ya matunda mabichi hupungua, na mahali pake huja harufu ya matunda makavu, ya ngozi, ya tumbaku au ya udongo uliolowa mvua. Anayeipenda hali hiyo huiita ukomavu. Asiyeipenda huiita uchovu.

Si kila mvinyo unafaa kuzeeshwa. Huhitaji kuwa na tanini na asidi za kutosha tangu mwanzo. Barolo ya Italia ni mfano maarufu, na huko Rioja, Hispania, mvinyo mwekundu hauruhusiwi kuitwa Gran Reserva mpaka utimize miaka 5, ambayo angalau 2 kati yake uwe ndani ya pipa la mwaloni. Lakini mvinyo mwingi duniani hutengenezwa ili unywewe ndani ya miaka michache. Hapa kwetu, Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na aina ya Makutupora Nyekundu ndiyo msingi wa mvinyo wake mwekundu. Kuununua na kuunywa ukiwa mchanga si kuudharau.

Jambo moja halibadiliki katika safari hiyo yote. Kiasi cha alkoholi kilichofungwa ndani ya chupa hubaki kilekile kwa kadiri kubwa. Kwa hiyo mvinyo mkuukuu hauwi mkali zaidi kwa sababu ya umri wake, wala hauwi salama zaidi.

Rafu ya duka si ghala la mvinyo

Mvinyo huzeeka vizuri penye giza na utulivu, katika joto la nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi, chupa yenye kizibo ikiwa imelazwa ili kizibo kisikauke. Bariadi haina hali hiyo kwa asili. Joto la mchana hapa huzidi nyuzi 25 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na chini ya bati lisilo na dari hupanda zaidi. Chupa iliyosafirishwa kwa lori kutoka Dodoma kupitia Singida na Shinyanga, kisha ikasimama miaka 4 kwenye rafu inayopigwa na jua, haijazeeka kwa maana wanayoikusudia wapenzi wa mvinyo, imeungua. Harufu yake hufanana na matunda yaliyopikwa kupita kiasi. Kizibo kikikauka, hewa huingia, na bakteria wa siki huibadili alkoholi kuwa asidi. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo hauelezi chupa iliishije baada ya kutoka kiwandani. Mwenye chupa nzuri na aiweke chini, gizani, kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani, naye asingoje muda mrefu.

Kwa nini ndimi hazikubaliani

Tofauti ya ladha ina mizizi mwilini. Ukakasi hutokea pale tanini zinaposhikana na protini za mate, na mate ya watu hayalingani kwa wingi wala kwa aina ya protini. Uchungu nao hutambuliwa na vipokezi vilivyo ulimini, na jeni iitwayo TAS2R38 huwafanya baadhi ya watu wahisi uchungu fulani kwa ukali ambao wenzao hawaujui kabisa. Juu ya maumbile huja mazoea. Aliyezoea chai ya maziwa yenye sukari nyingi atautafuta utamu hata kwenye glasi ya mvinyo, na hakuna kosa katika hilo.

Hata wataalamu hawana ulimi usiodanganyika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mjini Bordeaux, Ufaransa, walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameushauri ulimi. Basi anayesema mvinyo mkuukuu ni bora kuliko mchanga anatueleza habari zake mwenyewe, na anayempinga vilevile. Ubishi huo unaweza kuendelea hadi usiku wa manane bila mshindi, na pasiwe na hasara.

Je, ni dawa ya moyo?

Dai hili lina historia. Mwaka 1992, Serge Renaud na Michel de Lorgeril walichapisha katika jarida la The Lancet makala kuhusu Wafaransa, waliokuwa wakila mafuta mengi ya wanyama lakini wakifa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko ilivyotarajiwa. Mvinyo ulitajwa kama sababu mojawapo, na habari ikaenea duniani kote.

Tafiti zilizofuata zimelidhoofisha sana dai hilo. Kwanza, katika tafiti nyingi kundi la wasiokunywa lilichanganya watu ambao hawakuwahi kunywa na wale walioacha kwa sababu ya ugonjwa. Hivyo wanywaji wa kiasi walionekana wenye afya kwa kulinganishwa na wagonjwa. Pili, sifa ilipewa resveratroli, kemikali ya ganda la zabibu. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya ufuatiliaji wa wazee 783 wa eneo la Chianti, Italia, ambako mvinyo ni sehemu ya maisha. Waliokuwa na mabaki mengi ya resveratroli kwenye mkojo hawakuishi muda mrefu zaidi, wala hawakuepuka maradhi ya moyo au saratani kuliko wenzao. Tatu, utafiti mkubwa wa China uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha zaidi ya watu 500,000, ulitumia vinasaba kupima athari ya kileo. Kinga dhidi ya kiharusi iliyodhaniwa kuletwa na unywaji wa kiasi haikuonekana; kadiri kileo kilivyoongezeka ndivyo shinikizo la damu na hatari ya kiharusi vilivyopanda.

Upande wa saratani hauna utata. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vyenye alkoholi katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa tangu mwaka 1988. Vinahusishwa na saratani za kinywa, koo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana na titi. Saratani ya umio hasa inatuhusu, kwa kuwa Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi wa maradhi hayo duniani, ingawa kileo si kisababishi chake pekee. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hakuna kiwango cha unywaji kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kwa afya.

Kuhusu damu, wekundu wa mvinyo ni rangi ya ganda la zabibu tu. Unywaji mwingi huzuia uboho kutengeneza chembe za damu na hupunguza foliki asidi mwilini. Wapo pia wanaotaja ushauri wa Mtume Paulo kwa Timotheo kuhusu tumbo lake. Lakini neno aliloambiwa mtu mmoja aliyeugua mara kwa mara si mwongozo wa kutibu shinikizo la damu.

Hesabu ya glasi

Chupa ya mililita 750 yenye alkoholi asilimia 13 ina takriban gramu 77 za alkoholi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20. Anayemaliza chupa ya mvinyo peke yake amekunywa sawa na bia karibu 4, hata kama glasi yake ilikuwa ya heshima na mazungumzo yake ya utaratibu.

Asiyekunywa asianze kwa sababu ya afya. Zabibu zenyewe, pamoja na mboga na matunda mengine, humpa kemikali zile za maganda bila kileo. Mjamzito asinywe kabisa. Anayetumia dawa za kifua kikuu huuongezea ini mzigo, na anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari ghafla. Mwenye shinikizo la damu asibadili kidonge kwa glasi hata siku moja. Amweleze daktari kiasi anachokunywa bila kuona haya, kwani matibabu hupangwa kwa kuzingatia ukweli huo.

Anayekunywa na achague anachokipenda, kiwe kichanga au kikuukuu, kitamu au kikavu, anywe kidogo, pamoja na chakula, na asiendeshe gari wala pikipiki. Ajue tu kwamba anachokinunua ni burudani. Kipimo cha shinikizo la damu na dawa ya moyo vipo kituo cha afya.